Samadi na Deni la Jirani

Ndugu zetu, huko Kisii na Nyamira, nchi ya migomba na chai, mashamba ni madogo na ng'ombe wengi hulishwa zizini. Samadi ikiozea shimoni pasipo hewa hutoa methani, ambayo kwa miaka 100 huitia dunia joto mara zaidi ya 25 kuliko uzito ule ule wa kaboni dayoksaidi. Ikitiwa katika mtambo wa biogesi, methani ile ile hupikia chakula, na masalio huwa mbolea.

Yuko atakayesema: moshi wa viwanda vya Ulaya ni mwingi, ng'ombe wawili ni nini? Twajibu: deni kubwa la mwenzio halifuti lako dogo. Asiyeweza kununua mtambo hana lawama. Anayeweza akapuuza, huyo ataulizwa. Nasi watu wa pwani, tunaopikia makaa hali bahari yatupandia, taka zetu twazifanyani?