Anayejifunzia Juu ya Paa la Mwenziwe

Katika mitaa ya Kinondoni mtu anayejifunza kuendesha gari hubandikiwa herufi. Ni L kubwa, nyekundu, mbele na nyuma ya gari, na ukiitafakari vyema utaiona kuwa ni namna ya kuomba radhi kabla ya kosa. Humwambia mwenda kwa miguu: huyu bado hajaweza, jihadhari naye. Muuza machungwa huvuta mkokoteni wake pembeni, mama humshika mtoto mkono, dereva wa daladala hupiga honi na kupita kwa kejeli. Kila mmoja amepewa nafasi ya kuamua asimame umbali gani na ujinga wa mwenziwe.

Angani hakuna herufi. Mkazi wa Yombo, upande wa Temeke, aliyeketi uani akichambua mchele, hupitiwa na ndege ndogo inayoshuka kuelekea Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, naye hana njia ya kujua iwapo aliyeshika usukani ni mkongwe aliyekwisha kutua mara elfu kadhaa, au ni kijana ambaye leo, kwa mara ya kwanza, ameachiwa aishushe. Hakuulizwa. Hata hilo wazo la kwamba angeweza kuulizwa litamchekesha. Je, mtu ana haki gani ya kujifunza jambo la hatari juu ya kichwa cha mtu asiyemjua, ambaye hakuombwa ruhusa, na ambaye aghalabu hatanufaika na ujuzi huo?

Yumkini wapo watakaosema swali hili ni la watu wenye wasaa. Ujuzi wote, watasema, umepatikana hivyo hivyo. Mkunga alizalisha mara ya kwanza, na aliyekuwa kitandani alikuwa ni binti wa mtu. Nahodha alishika usukani mara ya kwanza, na humo chomboni mlikuwa na abiria na mbuzi na magunia ya watu. Aristotle aliandika zamani sana kwamba mtu huwa mjenzi kwa kujenga na mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Hakuna mlango mwingine. Nakubali. Lakini mpiga kinubi akikosea huudhi masikio tu, na jirani huweza kufunga dirisha. Aristotle hakutuambia nani aishi ndani ya nyumba ya kwanza ya yule mjenzi.

Kabla ya kulijibu swali, hatuna budi kujua kinachofundishwa hasa ni nini, kwani watu wengi hudhani kwamba ugumu wa urubani ni kupaa. Sivyo. Ndege ndogo, tuseme Cessna 172 yenye viti vinne, ambayo iliruka mara ya kwanza mwaka 1955 na tangu hapo zimeundwa zaidi ya 44,000, hupenda kupaa. Huelekezwa pua kwenye upepo, injini hupewa nguvu zote, na ikifika kasi ya kilomita 100 hivi kwa saa, mkono mwepesi tu unatosha. Huiacha ardhi kana kwamba imekuwa ikiingoja ruhusa. Mwanafunzi wa siku ya pili huweza kupaa, huku mwalimu amekaa ubavuni. Kutua ndiko kunakomtoa jasho kwa majuma na miezi.

Lugha yetu ilikwisha kulijua jambo hili kabla ya ndege za chuma. Kupaa ni tendo la moshi, la harufu, la sauti. Vitu visivyokuwa na mzigo. Kutua ni tendo la mwenye mzigo. Mchukuzi hutua gunia, mwanamke hutua mtungi, na afanyaye hivyo huinama pamoja na kile alichokibeba, hukisindikiza mpaka kikae. Asiyejali haitui, huibwaga. Sisi wapenzi wa mashairi tuna bahati ya kuyakuta maneno haya mawili katika ubeti mmoja: tuna kituo na tuna kibwagizo, na wazee wa fani walipoupa mstari wa mwisho majina hayo hawakuwa wakicheza. Mshairi mchanga huanza ubeti kwa kishindo. Anapofika mstari wa nne ndipo tunapojua kama ana mizani mkononi au alikuwa akisukumwa na upepo tu.

Sasa tazama kinachotokea pale angani. Rubani huilenga njia ya kutulia akienda kasi ya karibu kilomita 120 kwa saa. Akiona anashuka mno, silika ya mwili wake humwambia avute usukani, ainue pua, apande. Silika hiyo ndiyo adui. Bawa hubebwa na hewa inayolipitia kwa mpangilio. Pua ikiinuliwa kupita kiasi, hewa hushindwa kuufuata mgongo wa bawa, na kilichokuwa kikibeba huacha kubeba. Anayejiona anazama akakimbilia juu huzama zaidi. Inampasa aongeze nguvu ya injini, na penginepo ashushe pua, yaani aelekee kule kule anakokuogopa. Jambo hili huelezwa kwa dakika tano ubaoni na huchukua miezi kuingia mkononi.

Kisha huja sekunde za mwisho. Ndege ikibakiza urefu wa paa la nyumba, rubani hupunguza nguvu, huinua pua taratibu, na huizuia isiguse. Huizuia tena, macho yake yakiwa mbali mwisho wa njia wala si chini ya miguu, mpaka ndege ikose kasi ya kuendelea kuruka na ijikalie yenyewe kwa magurudumu yake makuu. Anayetazama chini huichelewa ardhi au huiwahi. Inasimuliwa na al-Maqqari, mwanahistoria wa karne ya 17, kwamba Abbas ibn Firnas wa Kordoba, karne ya 9, alijivika manyoya na mabawa akaruka, na kuruka kwake kulisifiwa, ila aliumia mgongo wakati wa kushuka kwa kuwa hakuzingatia kwamba ndege hutua kwa mkia. Miaka elfu moja na ushei baadaye, mwanafunzi bado anafundishwa habari za mkia.

Juu ya hayo kuna upepo, na hapa watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa sana. Jahazi hupenda pepo za nyuma. Ndege hutaka upepo wa uso. Ndiyo maana msimu hugeuza hatari kutoka mtaa hadi mtaa. Kaskazi ikivuma, anayetua kwenye njia kuu ya uwanja ule, yenye urefu wa mita 3,000, huja kutoka upande wa Ukonga na Gongo la Mboto. Upepo ukigeuka, huja kwa upande wa Kiwalani na Vingunguti. Kusi ikipiga ubavuni, rubani huielekeza pua pembeni ya njia ili chombo kiende sawa, kama nahodha anayekata mkondo akiielekeza omo mahali asipokwenda. Si ajabu basi kwamba neno rubani lilikuwa la baharini kwanza. Alikuwa ni yule ajuaye miamba, aliyeingiza chombo bandarini. Na mwaka 1937, ndege za Imperial Airways zilipoanza kupita pwani hii zikielekea Durban, hazikuhitaji kiwanja: zilitua juu ya maji ya bandari ya Dar es Salaam, palepale palipotia nanga majahazi.

Nirudi kwa mwenye uani wa Yombo.

Hoja ya kwanza ya kumtetea rubani mwanafunzi ni kwamba yeye mwenyewe yumo ndani. Dakitari mwanafunzi akikosea, anayekufa ni mgonjwa; rubani mwanafunzi akikosea, wa kwanza ni yeye. Hoja hii ina uzito, na ndiyo inayoupa urubani heshima ambayo kazi nyingi hazina. Hata hivyo haitoshi. Kuweka roho yangu rehani hakunipi mamlaka ya kuweka ya jirani yangu pamoja nayo. Yangu nimeichukua mwenyewe, na nimeichukua kwa ajili ya mshahara, sifa na mbingu ninayoipenda. Yake nimeikuta chini.

Hoja ya pili ni ya manufaa, na mtu wa kisiwani huielewa upesi. Mgonjwa wa Mafia anayehitaji kuwahishwa Dar es Salaam hana mjadala na ndege ndogo. Nasi wa Unguja, tuliozika baada ya Spice Islander mwaka 2011 na Skagit mwaka 2012, hatuwezi kusema bahari ni salama na mbingu ndiyo hatari. Marubani wanatakiwa, na wanatakiwa wawe wetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza ililitambua hilo ilipoanzisha chuo cha urubani cha Soroti, Uganda, mwaka 1971, kwa ajili ya nchi zote tatu. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, chuo kikabaki upande mmoja, na mzazi wa Kitanzania akaachiwa kupima kama auze kiwanja ili mwanawe apate saa 40, ambazo kwa kawaida ndizo za chini kabisa kwa leseni ya rubani binafsi. Lakini manufaa ya taifa ni shuka fupi: hufunika wengine miguu ikiwa nje. Wakazi wa Kipawa walihamishwa kupisha uwanja, na wengi wao jengo jipya la abiria lililofunguliwa mwaka 2019 hulitazama kwa nje tu. Tena watu wa pembezoni mwa jiji lile wana kumbukumbu zao. Mbagala, tarehe 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto, tarehe 16 Februari 2011, mabomu yaliyohifadhiwa katika maghala ya jeshi yalilipuka, na kila mara waliokufa walizidi 20. Hao nao hawakuuliza kilichowekwa jirani yao. Nayataja si kwa kuyalinganisha na ndege ya mafunzo, ambayo hatari yake ni ndogo mno, bali kwa kuwa swali ni lile lile: mbona anayepewa hatari ya watu ni yule yule kila mara?

Kwa maoni yangu haki ya kujifunzia juu ya paa la mwenzio ipo, ila ni haki ya kukopa, na mkopaji mwaminifu hukopa kwa kadiri ya lazima tu. Siku hizi kuna mashine zinazoiga chumba cha rubani. Humo mtu huweza kuanguka mara mia kwa siku moja na akaenda kula chakula cha mchana. Kila kinachoweza kujifunzwa humo, kisha kikaenda kujifunziwa juu ya Kiwalani kwa sababu mashine ni ghali, ni dhulma, hata kama hakuna aliyeumia. Usukani wa mashine hauwezi kufundisha kitu kimoja tu: kwamba ni kweli. Ndiyo maana ipo siku mwalimu hufungua mlango, hushuka, na kumwambia mwanafunzi azunguke mara moja peke yake. Ndege iliyopungukiwa na uzito wa mwalimu hupanda upesi kuliko alivyozoea, na kiti kitupu cha ubavuni humtazama. Wapo wanaoona ni ukatili. Mimi naona mwalimu asiyeshuka ndiye mkatili zaidi, kwani hukuza mtu ambaye kila uamuzi wake una wenyewe wawili, na siku ya shida watu wawili hutazamana.

Lakini mwalimu apime nini kabla ya kushuka? Si utuaji mzuri. Utuaji mzuri huweza kuwa bahati. Ningekuwa mimi, ningengoja nimwone mwanafunzi akikataa kutua: yu karibu kabisa, njia i mbele yake, wenziwe wanamtazama kutoka kivulini, ila kasi si sawa au upepo umemsogeza, naye bila kuambiwa anaipa injini nguvu zote na kupanda tena kuanza upya. Tendo hilo haliandikiwi sifa. Machoni pa asiyejua ni kushindwa, na kijana wa miaka 17 huogopa kuchekwa kuliko kufa. Anayeweza kuichukua aibu hiyo ndiye niliye tayari kumkopesha paa langu.

Usidhani kwamba aliye chini ni wa kuhurumiwa tu. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilitumbukia katika Ziwa Victoria ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba. Walikufa 19, marubani wote wawili wakiwa miongoni mwao. Wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na jina la mmoja, Majaliwa Jackson, lilijulikana nchi nzima. Walikuwa kazini mwao, chini ya njia ya ndege, na walipiga kasia kuelekea kwa watu ambao hawakuwahi kuwajua. Rubani na mvuvi, waliokuwa wakipitana kila siku bila salamu, walikuwa wamekopeshana tangu zamani.

Kwa hiyo ningependa mtaala wa urubani uongezwe saa moja ambayo haihitaji mafuta. Kabla ya siku ya kuachiwa peke yake, mwanafunzi atembezwe kwa miguu katika mitaa iliyo chini ya njia yake: Vingunguti, Kiwalani, Yombo, Ukonga. Asivae sare. Akae barazani, anunue kahawa, azungumze na watu habari za mpira au za bei ya unga. Ndege itapita, na atawaona wanavyonyamaza katikati ya sentensi mpaka mlio uishe, kisha wakaendelea kutoka neno lile lile, bila ya mtu hata mmoja kuinua kichwa.