Watu Ishirini na Mizigo Miwili ya Pembe

Kuna hadithi ya Kilwa niliyoipenda kwa miaka mingi. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alifika kisiwani wakati wa utawala wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Vipawa. Anasimulia kwamba Ijumaa moja sultani alikuwa akitoka msikitini kurudi kwake. Fakiri wa Yemeni akamsimamisha njiani na kumwomba nguo alizovaa, tena palepale. Sultani hakusita. Alirudi, akaingia nyumbani kwa khatibu, akabadilisha mavazi, akampa yale aliyoyavua. Fakiri akayafunga, akajitwika, akaenda zake.

Nilizoea kuisimulia hadithi hii na kuishia hapo. Mimi ni mtu wa Pwani, na kwangu ilitosha kuwajibu wanaodhani kwamba kabla ya Wareno huku hapakuwa na ustaarabu. Katika semina ya shahada ya uzamili niliisimulia tena. Mwenzangu mmoja, ambaye kwao ni bara, akaniuliza: "Mbona hukumalizia?"

Naye alikuwa ameisoma. Hadithi inaendelea hivi: mtoto wa sultani alizichukua zile nguo kwa fakiri na kumpa watumwa kumi badala yake. Sultani aliposikia jinsi watu walivyomsifu, akaamuru aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Tena Ibn Battuta mwenyewe anaeleza kwamba sultani huyu aliivamia mara kwa mara nchi ya Wazanji na kuchukua nyara, kisha akaitenga sehemu ya tano na kuigawa kama Kurani inavyoelekeza. Si vigumu kukisia wale ishirini walitoka wapi.

Je, ukarimu ni ukarimu ikiwa unachotoa ni mtu?

Jibu la haraka ni kwamba tusiwahukumu watu wa kale kwa mizani yetu. Ndilo nililolitoa siku ile, kwa pupa ya mtu anayetetea kwao. Lakini halisimami, kwa sababu mizani ilikuwepo Kilwa kwenyewe. Kurani ileile iliyoelekeza mgao wa nyara inahesabu kumwacha huru mtumwa kuwa ni wema mkubwa. Sultani angeweza kuwaacha huru watu ishirini, na thawabu zake alizijua. Akawatoa zawadi.

Kuvua nguo kwa ajili ya maskini ni unyenyekevu wa kweli, na sitaki kuufuta. Ila fakiri alisimama njiani, akaita, akasikika. Wale ishirini wanatajwa kwa idadi tu, pamoja na pembe. Hatujui waliitwa nani wala waliacha nani nyuma. Asifuye mvua imemnyea, walisema wahenga. Na hadithi za ukarimu husimuliwa na walionyeshewa.

Sultani alipofariki, ndugu yake Daudi alirithi kiti. Huyu akiombwa, alijibu kwamba mtoaji amekufa na hakuacha kitu cha kutolewa. Siku zote nilimcheka Daudi kwa mkono wake wa birika. Sasa namsoma bila kucheka. Simsifu, lakini nimejifunza kwamba kabla ya kuuliza kama mkono umefumbwa au umekunjuliwa, yafaa kuuliza kilichomo mkononi kimetoka wapi.

Bado naipenda Kilwa. Nikiyafikiria magofu ya Husuni Kubwa, jumba linalohusishwa na sultani huyuhuyu, na bwawa lake la pande nane, moyo wangu hujaa fahari kama zamani. Sioni haja ya kuikana fahari hiyo. Hadithi ya Ijumaa ile nitaendelea kuisimulia, ila siishii tena kwenye nguo. Nafika mpaka kwa wale ishirini, kisha nanyamaza kidogo kabla ya kuendelea.