Utulivu: haki au hisani?

Wapo watoto ambao kelele kwao si kero tu, ni maumivu. Ni baadhi ya wale wenye usonji, hali ambayo Dk. Leo Kanner aliieleza katika maandishi ya kitabibu mwaka 1943. Mwenye hali hii huweza kupokea sauti, mwanga, harufu na mguso tofauti na wengine. Hawafanani wote: mmoja huziba masikio honi ikilia, mwingine hawezi kuvumilia kanzu yenye mshono unaomkwaruza. Jirani asiyejua husema mtoto hana adabu, au ana jini. Mama husikia, hunyamaza, na siku nyingine humfungia mtoto ndani.

Swali langu leo ni hili: familia kama hii inatudai utulivu kama haki yake, au inatuomba hisani? Tofauti si ndogo. Hisani ukinyimwa huna pa kushitaki. Haki, anayeizuia ni dhalimu.

Tuchukue mfano wa Lushoto. Ukipanda kutoka Mombo, kama kilomita 33 za kona, unaliacha joto na msongamano wa barabara kuu. Katika msitu wa Magamba mtu hutembea akisikia ndege na upepo. Pale Irente, ukingoni mwa mlima, huiona nyika yote chini (mtoto ashikwe mkono, maana ni genge). Familia ya Tanga au Dar es Salaam yenye uwezo inaweza kumpeleka mwanawe huko asubuhi, siku isiyo ya gulio, naye akatulia. Hiyo ni neema ya Allah (s.w.t.), wala haina kiingilio cha dini.

Lakini hapo hapo Irente ipo shule ya watoto wenye ulemavu wa akili na usonji, Irente Rainbow School, na ipo ya wasioona iliyoanza mwaka 1963. Zote ni za Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kilutheri. Kanisa hilo hilo lilianzisha chuo Magamba mwaka 2007, kikafundisha walimu wa elimu maalumu. Silisemi hili kwa husuda. Wenzetu wamefanya jambo jema na wanastahili kusifiwa. Nasema kwa sababu Usambara ni milima yenye Waislamu wengi na misikiti mingi. Je, sisi tumemwandalia nini mtoto huyu?

Wapo watakaojibu kwamba msikiti ni mahali pa heshima, na mtoto anayepiga kelele au kukimbia safuni huharibu khushui ya wengi. Kwa nini wengi wasumbuke kwa ajili ya mmoja? Hoja hii ina uzito, maana mwenye kuswali naye ana haki yake. Lakini tuipime kwa Sunna. Mtume (s.a.w.) aliswalisha huku amembeba mjukuu wake Umama. Aliposikia mtoto akilia, aliifupisha swala kwa kumhurumia mama yake. Muadh bin Jabal alipoirefusha mno, alikemewa, na maimamu wakaamrishwa wakumbuke kwamba nyuma yao wamo wadhaifu, wagonjwa na wenye haja. Maana yake ni kwamba katika Uislamu mwendo wa jamaa hupimwa kwa aliye dhaifu, si kwa mwenye nguvu. Basi aliye dhaifu anapoomba nafasi hatupunguzii chetu. Anachukua chake.

Na kelele nyingine ni zetu wenyewe. Mtume (s.a.w.), akiwa katika itikafu msikitini, aliwakataza watu wasinyanyuliane sauti hata katika kisomo cha Qur'an, ili mmoja asimuudhi mwenzake. Leo katika misikiti yetu ya mjini, spika za ndani hufunguliwa mpaka mwisho hata kwa safu mbili za watu. Adhana ibaki na sauti yake. Ninachozungumzia ni sauti ya ndani isiyo na haja.

Anayesema mambo haya ni ya Wazungu akumbuke kwamba Siku ya Usonji Duniani, Aprili 2, ilipitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2007 kwa pendekezo la Qatar.

Kazi yenyewe haihitaji mfadhili. Kamati ya msikiti ipunguze spika za ndani, na itenge pembe tulivu karibu na mlango ambapo mzazi anaweza kukaa na mwanawe na kutoka bila kutazamwa. Ustadhi wa madrasa amfundishe mtoto huyo peke yake, muda mfupi, saa ambayo wenzake hawapo. Vijana wanaoandaa matembezi ya Idi waiulize familia hiyo kwanza ni mahali gani mtoto atapaweza.

Mlima wa Lushoto ni mbali na nauli ni ghali. Msikiti upo mtaani. Ikiwa mtoto huyu anapata utulivu msituni na kuukosa katika nyumba ya Allah, tutakuja kuulizwa sisi, si yeye.

Wallahu a'lam.