Swali Ambalo Sikuulizwa

Nilidanganya kwenye fomu ya bima. Tuanzie hapo, kabla sijaanza kujitetea.

Ilikuwa Februari 2025. Mimi na mke wangu tulikuwa tumeketi kwenye ofisi ndogo ya wakala katikati ya jiji la Nairobi, ghorofa ya tatu, feni inazunguka bila kuleta upepo. Mke wangu ni muuguzi. Alikuwa amepata kazi hospitalini Leipzig, Ujerumani, na mkataba wake ulianza tarehe 1 Aprili. Tikiti za Machi zilikuwa za bei nafuu, kwa hivyo tuliamua kwenda wiki tatu mapema, tutafute nyumba, tuzoee baridi. Shida ni kwamba bima ya afya ya umma ya mfanyakazi huko huanza siku anayoanza kazi. Kwa zile wiki tatu tulihitaji bima ya muda kutoka kwa kampuni ya kibinafsi, na karibu na mwisho wa fomu yake kulikuwa na swali: je, una ugonjwa wowote unaohitaji dawa au uangalizi wa daktari?

Mimi nina kisukari. Kilinipata nikiwa kidato cha tatu, na tangu hapo najidunga insulini kila siku. Wakala aliiangalia fomu, akaniangalia mimi, akasema kwa sauti ya chini, "Bro, hapo weka hapana. Ukiweka ndiyo, utajichelewesha bure."

Nikaweka hapana. Mke wangu aliona, akanyamaza. Huyu ni mtu ambaye kazini huandika kila dawa na kila saa bila kuruka hata moja. Kimya chake kilinifanya nijue kwamba tumedanganya wote wawili.

Siku ya kumi na moja tukiwa Leipzig, sukari yangu ilishuka usiku. Tulikuwa tumetembea sana kutafuta nyumba, nikala kidogo, nikajidunga kipimo cha kawaida. Nakumbuka jasho, na kwamba nilikuwa najaribu kusema neno "maji" na linatoka vibaya. Mke wangu alinipa sukari iliyokorogwa kwenye maji, kijiko kwa kijiko, huku simu iko mkono wa pili, ameshaandika 112. Hakubonyeza kupiga. Baada ya robo saa nilirudi. Asubuhi nilimwuliza kwa nini hakupiga, akasema, "Wangeuliza una ugonjwa gani."

Kama muuguzi, alijua la kufanya na alilifanya. Lakini alijua pia kwamba kama nisingeweza kumeza, angelazimika kupiga, na akakiri kwamba kwa sekunde chache alikuwa anapiga hesabu: ambulensi, usiku mmoja hospitalini, kampuni ikigundua uongo na kukataa kulipa. Sekunde chache tu. Nimeziwaza sekunde hizo kuliko jambo lingine lolote lililotupata tangu tuhame.

Aprili ilipofika, mke wangu alijiunga na mfuko wa bima ya umma na sisi tukaenda kujaza fomu yangu. Kule, mwenzi wa ndoa asiye na kipato, au mwenye kipato kidogo (mwaka 2025 mpaka ulikuwa euro 535 kwa mwezi), huingia chini ya bima ya mwenzake bila kuongeza hata senti. Yaani mimi, mwanamume mzima kutoka Voi, ningetibiwa kwa mgongo wa mke wangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu hiyo. Nilikuwa nimejiandaa pia kwa lile swali. Njiani kwenye tramu nilikuwa nimeamua: nikiulizwa safari hii nitasema ukweli, na lolote liwe.

Fomu iliuliza jina langu. Tarehe ya kuzaliwa. Tarehe ya ndoa, na cheti tuambatanishe. Kama nina kipato. Kama nilikuwa na bima nyingine hapo awali. Picha ya kuwekwa kwenye kadi. Nikageuza ukurasa kutafuta pale panapouliza kuhusu magonjwa. Hapakuwepo. Nikamwambia mke wangu amwulize yule mama wa mapokezi, maana Kijerumani changu kilikuwa bado cha kuombea chumvi. Yule mama akatuangalia kama watu waliouliza kama basi linataka kujua wana njaa. Hapana, alisema. Hatuulizi.

Nilitoka pale nikiwa nimefarijika, halafu nikakasirika. Uongo wangu wote, na ule usiku wa simu ambayo haikupigwa, ulikuwa juu ya swali ambalo hatua mia mbili kutoka hotelini kwetu halikuwa na maana kabisa. Kwani nani anaamua ni wapi swali hili linaulizwa?

Jibu la kiufundi ni rahisi. Kampuni ya kibinafsi hupanga bei kwa kukuangalia wewe: umri wako, mwili wako, uwezekano wa kuwatia hasara. Lazima iulize. Mfuko wa umma haupangi bei kwa mwili, unapanga kwa mshahara. Mfanyakazi hukatwa asilimia fulani. Kiwango cha jumla ni 14.6, nusu yake ikilipwa na mwajiri, na kuna nyongeza kidogo ambayo kila mfuko hujipangia. Mwenye afya ya simba na mwenye figo mbovu, wakilipwa mshahara sawa kwenye mfuko mmoja, wanakatwa sawa. Mpango huo mizizi yake ni sheria ya mwaka 1883, enzi za Bismarck, ambaye hakuwa mtu wa huruma. Alikuwa anajaribu kuwatuliza wafanyakazi wasiende kwa wasoshalisti. Kwa hiyo tusidhani kwamba Wajerumani wana mioyo mikubwa kutuliko. Wana sheria ambayo haiulizi.

Lakini swali langu si la kiufundi. Ni hili: je, ni haki kwamba watu wasionijua walipie insulini yangu? Na kama ni haki, kwa nini nilijisikia kama mwizi?

Nimekulia kwenye nchi ya harambee. Kwetu, mtu akiugua, kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa kabla daktari hajamaliza kuandika. Mweka hazina anateuliwa, namba ya M-Pesa inawekwa, orodha inaanza: moja, jina, mia tano, mbili, jina, elfu moja. Tunajisifu kwa hili, na tuna haki ya kujisifu. Mimi mwenyewe nililazwa mara mbili nikiwa shule, na mara zote mbili ni orodha kama hiyo ndiyo iliyonitoa.

Ila harambee nayo ina fomu yake. Haijachapishwa, lakini kila mtu anaijua. Anaumwa na nini? Amejiletea mwenyewe? Wewe ulipomwomba, alikutumia? Mtoto wa nani?

Baba yangu mdogo alikuwa mlevi. Sina njia nzuri ya kulisema. Ini lilipomlemea, tulifungua kikundi, watu tisini na kitu. Bili ilikuwa shilingi 186,000. Baada ya wiki mbili tulikuwa na 11,400. Hakuna aliyesema neno baya. Walituma ile mikono miwili iliyoshikana, wakaandika "Mungu atende," wakatoka kimyakimya mmoja mmoja. Na mimi? Mimi nilituma mia tano. Nilikuwa na zaidi. Nilikumbuka kwamba miaka yote nilipokuwa nalazwa, jina lake halikuwahi kuonekana kwenye orodha, nikatuma mia tano. Alifariki kabla ya mwezi kuisha. Pesa zingemwokoa? Pengine hapana, ini lilikuwa limekwisha. Lakini hilo silo lililofanya nitume mia tano.

Basi nilipokaa kwenye tramu na ile kadi mpya, nilianza kuona kwamba yule wakala wa ghorofa ya tatu na sisi watu tisini wa kikundi tulikuwa tunafanya kazi moja. Tulikuwa tunauliza kwanza. Kampuni inauliza kuhusu mwili, ukoo unauliza kuhusu tabia, na mgonjwa kwenye pande zote mbili ana jukumu moja, kujipendekeza. Mimi nilijipendekeza kwa uongo. Baba mdogo alikataa kujipendekeza. Akalipa.

Kuna mwanafalsafa wa Marekani, John Rawls, aliyeandika mwaka 1971 kwamba ili kupata sheria za haki, tujifikirie tukizichagua bila kujua tutakuwa nani ndani ya jamii: tajiri au maskini, mzima au mgonjwa. Nilimsoma chuoni nikafaulu mtihani, sikumwelewa. Nilimwelewa kwenye ile kaunta. Fomu isiyouliza ni fomu iliyoandikwa na mtu aliyekubali kwamba angeweza kuwa mimi. Angeweza pia kuwa Baba Mdogo.

Sasa, kabla hujanishangilia, mke wangu ana pingamizi, na ni kali kuliko hoja yangu.

Anasema: hawakuuliza kwenye kaunta kwa sababu walishauliza mlangoni. Walimwuliza yeye umri, vyeti, lugha, mkataba wa kazi. Ujerumani haina wauguzi wa kutosha na wazee ni wengi. Ndiyo sababu serikali ya Kenya na ya Ujerumani zilitia saini makubaliano ya wafanyakazi Septemba 2024. Mimi nilipita nyuma ya kitambulisho chake. "Mama yako," aliniambia, "ana pressure na magoti. Jaribu kumwingiza kwenye ile kadi uone kama hawaulizi." Nilijaribu kuuliza. Familia, kwa mujibu wa mfuko, ni mwenzi na watoto, wakiwa wanaishi kule. Mama anayeuza mboga Voi si familia.

Na anaendelea: ni nani aliyelipia masomo yake? Alisomea chuo cha serikali, KMTC. Sehemu ya gharama ililipwa na kodi ya watu kama mama yangu. Sasa yuko zamu ya usiku Leipzig akigeuza wazee wa watu, na mama akienda zahanati anakaa foleni. Kwa hivyo hawa wasionijua wanaolipa insulini yangu, hebu tuulize vizuri, ni nani anayemdai nani?

Sina jibu la kumshinda. Naweza tu kusema kwamba anachokosoa si ile fomu, ni ukuta uliozunguka watu wanaoruhusiwa kuijaza. Wema usiouliza maswali ndani ya uzio bado ni wema, na uzio bado ni uzio. Ukisema kwamba kwa sababu ya uzio ule wema ni bure, unamwambia mgonjwa aliye ndani ajione mwizi, na huyo aliye nje hapati kitu. Ukisema kwamba kwa sababu ya wema ule uzio si neno, unamsahau mama.

Nyumbani nako tunajaribu. Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF, na mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Huo ni mkato wa mshahara, hauangalii mwili. Asiye na mshahara, kama mama, anaulizwa maswali kuhusu nyumba yake na mali yake ili kipato chake kikadiriwe, kisha anatakiwa kulipa ya mwaka mzima mapema. Mama alinipigia kuniuliza ajibu nini kuhusu paa. Paa nililipia mimi mwaka jana, mabati mapya, na alihofia litamfanya aonekane tajiri. "Niseme ni la nani?" aliuliza. Nilicheka, halafu nikamsikia: mama yangu, mzee wa kanisa, yuko kwenye fomu anatafuta njia ya kudanganya.

Nilimwambia aseme ukweli, mimi nitalipa. Ni rahisi kuwa mkweli ukiwa na mtu wa kukulipia. Hilo nalo nililijifunza ukubwani. Wanaosema uongo kwenye fomu si wabaya kuliko wengine. Mara nyingi ni wale ambao ukweli ungewagharimu uhai. Bado ni uongo. Nilimficha mtu jambo alilokuwa na haki ya kuliuliza, na mke wangu nusura alipe kwa kunipoteza. Siufuti. Nasema tu kwamba kabla ya kumhukumu aliyejibu, tumwangalie pia aliyeuliza.

Mwezi uliopita nilianza kazi ghalani, na kipato changu kimeshapita ule mpaka. Sasa nina bima yangu mwenyewe, sipandi tena mgongo wa mtu. Payslip ya kwanza ilipofika nilitafuta ule mstari wa makato ya afya, nikaukuta, nikaumia kidogo kama kila mtu anavyoumia. Insulini yangu bado ni ghali kuliko ninachokatwa. Lakini sehemu ya zile euro inaenda kwa mtu mwingine hapa Ujerumani, leo, kitandani. Simjui. Hakuna aliyenionyesha picha yake wala kuniambia ni mtoto wa nani. Huenda hajawahi kumchangia mtu maishani mwake. Huenda ni mlevi, na ini limekwisha.

Nimemlipia zaidi ya mia tano.