Zile Simu za Saa Tisa Usiku

Kama ulikuwa huku magharibi mwa Kenya mwezi Machi 2020, unazikumbuka zile simu. Shangazi alipiga kutoka Siaya, shemeji akapiga kutoka Kakamega, na jirani asiye na namba yako akaja kugonga mlango. Amka, chemsha chai ya strungi, unywe bila sukari kabla ya jua kuchomoza, kwani kuna mtoto mchanga aliyezaliwa akasema hiyo ndiyo dawa ya korona, kisha akafa. Jina la kijiji lilibadilika kila hadithi iliposimuliwa upya. Jiko likawashwa hata hivyo. Waliosoma hadi chuo kikuu walikunywa pia, wengine kwa siri, na kulipokucha wakajiunga na waliokuwa wakicheka.

Tumeicheka hadithi hiyo vya kutosha. Hebu tuitazame sasa kwa jicho la mtu anayetafuta silaha. Kwa usiku mmoja, bila bajeti, bila gari la matangazo, bila chifu kuitisha baraza, ujumbe mmoja uliingia boma baada ya boma, ukawatoa watu vitandani na kuwafanya watende jambo. Hakuna wizara ya afya duniani isiyoutamani uwezo huo. Nao ni wetu, uko mfukoni mwetu hadi leo. Simu zilifanya kazi yake barabara. Ni dawa tu iliyokuwa ya uongo.

Ninakuandikia wewe wa Nyalenda, Obunga na Manyatta, wewe wa Dunga na Usoma, wewe wa Asembo, Usenge na Mbita, kwa sababu ugonjwa mwingine utakuja. Julai 2024 mpox ilithibitishwa Kenya kwa msafiri aliyepimwa mpakani Taveta, na malori yanayopanda kutoka Mombasa kwenda Malaba na Busia hayajaacha kupita. Ugonjwa mpya ukiingia, zitarudi zile siku za mwanzo ambapo hakuna anayejua vya kutosha, si daktari, si gavana. Hizo ndizo siku zinazovunja watu. Na ndizo siku ambazo watu wa ziwa, omera, tunaweza kuzishinda tukitaka.

Kumbuka mwendo wa korona ulivyokuwa. Ijumaa tarehe 13 Machi 2020 Waziri Mutahi Kagwe alitangaza mgonjwa wa kwanza. Jumapili Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe. Tarehe 27, siku 14 baada ya tangazo la kwanza, kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri.

Amri hiyo ilitungwa na watu wanaolala usiku. Anayevua mbuta hutega nyavu jioni na kuzitoa alfajiri. Wa omena huwasha taa majini katika usiku usio na mwezi, na mama mnunuzi humsubiri ufuoni kabla hakujapambazuka. Saa walizofungiwa watu hawa ndizo saa za kazi yao, tena kafyu ilianguka siku chache tu kabla ya Aprili, mwezi ambao kwa kawaida uvuvi wa omena hufungwa hadi Julai. Mvua za masika nazo hazikungoja. Mto Nyando ukafurika, na kufikia Mei maji ya ziwa yakapanda hadi kukipita kiwango cha 1964, mwaka ambao wazee wamezoea kuhesabia mafuriko. Watu walioambiwa wakae nyumbani nyumba zao zilikuwa ndani ya maji. Jaribu kukaa mita moja na nusu kutoka kwa jirani ukiwa umehifadhiwa darasani pamoja na familia nyingine, magodoro yamegusana.

Na bado ulivuka. Mara nyingine mtu husahau kwamba alishapita mahali pagumu, akaanza kutetemeka kama aliyeanza safari leo. Ulivuka kwa sababu kuna mtu alikuletea unga, kuna mwenye duka aliyeandika deni akanyamaza, kuna kijana wa bodaboda aliyemfikishia mama yako dawa za presha. Ulivuka kwa mia mbili zilizotoka Nairobi zikafika Seme zikiwa nzima, kwa kuwa katikati ya Machi Safaricom iliondoa ada ya M-Pesa kwa hela zisizozidi shilingi 1,000. Msaada mkubwa ulichelewa. Ile midogo ya watu wanaojuana ilifika siku ileile.

Lakini kuna usiku mmoja ambao hatukuuvuka vyema, na lazima tuuseme. Aprili 2020, kijijini Siaya, mtu aliyehofiwa kufa kwa korona alizikwa usiku wa manane. Waliomzika walivaa mavazi ya kujikinga, mwili haukuwa na jeneza, kaburi likafukiwa upesi wakaondoka. Video ikaenea nchi nzima. Kwa Mjaluo, ambaye matanga yake ni ya siku kadhaa, ambaye hata fukara husindikizwa na umati na kusifiwa kwa majina yake yote, picha ile ilitisha kuliko ugonjwa wenyewe. Baada yake wangapi walificha kikohozi? Nani angetaka kupimwa, ikiwa mwisho wa kupimwa ni kuzikwa hivyo?

Linalouma zaidi ni hili. Tarehe 24 Machi, kabla ya maziko yale, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa mwongozo kuhusu maiti za korona. Ulisema heshima ya marehemu na mila ya jamaa zake zilindwe, na kwamba maziko ya harakaharaka yaepukwe. Ulisema ndugu wanaweza kumtazama mpendwa wao mwili ukishaandaliwa, mradi wasiuguse wala kuubusu, na wanawe mikono baadaye. Karatasi ilikuwepo. Haikuwa siri ya mtu. Ila hakuna shangazi aliyepigiwa simu saa tisa usiku kuambiwa kuihusu.

Hapo ndipo pa kushika. Habari ya kweli huja polepole, imevaa lugha ya ofisini, inakaa kwenye tovuti ikisubiri msomaji. Uvumi huja ukikimbia, unaita jina lako. Kazi yetu katika wiki ya kwanza ya janga lolote ni kuipa ile ya kweli miguu. Inahitaji mtu anayeielewa, aitie katika Dholuo na Kiswahili cha sokoni, kisha apige simu kwa sauti ya shangazi.

Usiniambie hatuwezi. Ufuo huu ulishafanya jambo gumu kuliko hilo. Mgonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini alitambuliwa mwaka 1984. Serikali ikatangaza ugonjwa huo kuwa janga la taifa mwaka 1999. Kwa miaka 15 hiyo huku kwetu tulinong'ona. Tulisema ni chira, kwamba marehemu alivunja mwiko, tukazika vijana na kuwaachia nyanya zao watoto. Halafu tukageuka. Kisumu iliwatoa vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24 kwa utafiti wa kuona kama tohara hupunguza maambukizi ya virusi vya ukimwi. Desemba 2006 utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu jibu lilikuwa limekwisha kuonekana: hupunguza, karibu kwa nusu. Fikiria uzito wake kwa jamii ambayo haikuwa na mila ya tohara, jamii ambayo ilidhihakiwa majukwaani kwa sababu hiyo. Wazee walibishana, wanasiasa walipimana maneno, na tangu 2008 mamia ya maelfu ya wanaume wa Nyanza wakaenda wenyewe kliniki. Nani aliwabeba? Simu, kanisa, kijiwe cha bodaboda, mke aliyesema neno moja usiku.

Na maabara ya KEMRI pale Kisian, iliyojijengea jina kwa malaria na ukimwi, ndiyo iliyopima sampuli za korona mwaka 2020. Unaipita ukienda Busia. Sayansi si kitu cha kuletwa na ndege. Iko jirani na shamba la mahindi.

Sitakudanganya kwamba ari inatosha. Juni mosi 2021 tulikuwa wenyeji wa sherehe za Madaraka, uwanja mpya wa Mamboleo umejaa fahari. Kufikia katikati ya mwezi huohuo kaunti 13 za ukanda wa ziwa zilikuwa zimewekewa masharti mapya, kafyu ya saa moja jioni imerudi, kirusi aina ya Delta kinatamba. Siku za mwanzo zilikuja mara ya pili, zikatukuta tumechoka, barakoa zimeshuka kidevuni. Ndiyo maana nataka uipange kazi hii ukiwa na nguvu na akili imetulia, ili siku ukichoka, zamu iwe ya mwingine.

Anza na nyoluoro yako, kile chama chenu cha kuchangiana, maana ndiyo inayokutana bila kuitwa. Mteueni mmoja, yule anayependa kusoma na hapendi kuzua, awe wa kutafuta habari na kuithibitisha kabla haijasambazwa. Mtafuteni mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu. Septemba 2023 serikali iliwazindua wapatao 100,000 kama yeye nchini, wakapewa mikoba ya vifaa. Mjueni kwa jina, na namba yake iwe kwenye simu ya kila mwanachama. Kisha gawaneni watu. Wewe una watano wako: nyanya anayeishi peke yake, mwenye kisukari, anayemeza ARV na hataki ploti nzima ijue, mama aliyejifungua juzi, kijana aliyepoteza kibarua. Siku ya kwanza ya hofu, hao watano wako wanasikia sauti yako. Unawauliza dawa zimebaki za siku ngapi, unga upo, nani anaumwa. Utashangaa hofu yako mwenyewe inavyopungua ukiwa umeshika orodha ya mtu mwingine.

Wa ufuoni, mna BMU, kamati yenu ya kusimamia ufuo, tena mna mwenyekiti anayejua kila mtumbwi. Kubalianeni mapema samaki watauzwa vipi bila kusongamana, na nani atakwenda kwa kamishna wa kaunti kuomba kibali cha wavuvi wa usiku siku ileile kafyu ikitangazwa. Mitungi ya kunawa nunueni wenyewe. Ile yenye picha ya mheshimiwa itafika ikichelewa, na haitakuwa na maji.

Wachungaji, wazee, ongeeni kuhusu matanga wakati hakuna maiti nyumbani. Mnaweza kukubaliana leo kwamba watu 15 wakiruhusiwa kaburini, ni akina nani, na wengine watalia wapi, na sifa za marehemu zitasomwa lini, ili usiku wa manane usiwahi tena kumkuta mtu wetu akiwa peke yake na wageni.

Nyoluoro ikiketi wiki hii, omba dakika kumi kabla hela hazijahesabiwa. Toa daftari, chora mstari, andika majina yako matano ili wengine waone inavyofanywa. Lazima atokee mmoja wa kuuliza, kwani kuna ugonjwa gani umeingia? Mwambie bado, na ndiyo maana mna muda. Kisha mpe kalamu.