Kitoweo: Hisani au Haki?

Samaki wakishafika pwani ya Nungwi huenda mnadani, na fedha hugawanywa: fungu la chombo, fungu la nyavu, mafungu ya mabaharia. Hapo hapana ugomvi. Ugomvi uko kwenye kitoweo, wale samaki wachache watolewao kabla ya mnada ili mtu apeleke nyumbani. Hakiandikwi popote, lakini jaribu kukizuia uone.

Namjua mzee mmoja aliyevua katika mashua moja tangu ujana hadi macho yalipomchoka. Mwenye chombo akaendelea kumpa kitoweo, mwaka hata mwaka. Kisha chombo kikauzwa. Mnunuzi, ambaye si mtu mbaya, akasema: "Mimi nimenunua mbao, mashine na nyavu. Ada za mtu sikununua." Mzee hakubishana. Wanawe ndio waliokasirika.

Shauri hili ni la ulimwengu mzima. Kampuni ya Disney ya Marekani tangu 1991 huuza haki za kulala katika hoteli zake miaka mingi, na wanunuzi hupewa pia nafuu za bei katika vyakula na tiketi. Aprili 2016 ikatangaza kwamba atakayenunua haki hizo kwa mwenziwe, si kwa kampuni, atapata vyumba lakini nafuu zile za ziada hazipati. Wapo waliolia kuwa wamenyang'anywa. Kampuni ilijibu kwa mkataba: nafuu ni hisani.

Nisiwe mwepesi wa kuikubali hoja hiyo. Katika fikihi, ada ni hakimu. Nayo Majalla ya dola ya Uthmaniya, iliyokamilika 1876, iliweka wazi kuwa lijulikanalo kwa desturi huchukuliwa kama lililosharitiwa. Basi tuulize: mtoaji alipata nini kwa hisani yake? Muuzaji anayemwonyesha mteja nafuu ili anunue, kisha akaziita zawadi siku ya kuziondoa, anataka kula kotekote. Lakini aliyenunua baada ya tangazo, tena kwa bei ya chini, hana la kudai.

Na mzee wetu? Yule mwenye chombo wa kwanza hakutoa bure kabisa. Mzee aliwafundisha vijana wake miamba yenye samaki, na mabaharia walivumilia mafungu madogo wakijua kuwa uzeeni hawatatupwa. Ahadi ilikuwepo, ingawa haikutamkwa, na faida yake aliila yeye. Kwa hiyo deni naliona shingoni mwa aliyeuza, wala si mwa aliyenunua bila kuambiwa. Angalimwambia mnunuzi, labda bei ingalipungua kidogo. Yungali hai, na fedha za mashua anazo. Ajabu ni kwamba katika maneno yote yaliyosemwa pwani, sikusikia hata mtu mmoja akimtaja.