Nani Analipia Ukurasa Uliobanwa?

Ukiandika nota kwa kompyuta, swali hili litakukuta tu, tena saa tano usiku kabla ya mazoezi ya Jumamosi: wimbo umekamilika, lakini vipimo vitatu vimemwagikia ukurasa wa pili. Punguza stafu kidogo, vitarudi. Kwaya ina watu arobaini, kwa hivyo pale saiba mmeokoa fotokopi arobaini. Wengi hubana bila kufikiri mara mbili. Mimi naona hapo kuna suala la haki, sio urembo tu.

Hebu tuangalie kwanza hiyo nafasi inagawanywaje. MuseScore, programu ya bure ambayo vijana wengi wa kwaya wanaijua, hupanga nota yenyewe na kwa kawaida haifanyi vibaya. Nota ya mapigo mawili haipewi nafasi mara mbili ya nota ya pigo moja. Hupewa zaidi kidogo tu. Ukigawa kwa rula, nota ndefu zitaelea jangwani na zile fupi zitabanana kama abiria wa matatu ya saa kumi na mbili jioni.

Kuna jambo lingine la ajabu. Chukua nota mbili zinazofuatana, ya kwanza kijiti chake kimeenda juu, ya pili chini. Vijiti vinakaribiana, na hata kama umbali ni uleule wa nota zingine, jicho linaona msongamano. Fundi mzuri huzitenganisha kidogo. Yaani anavunja usawa ili msomaji aone usawa. Je, huo si uongo? Nasema hapana. Ukurasa haukumwahidi mtu milimita, ulimwahidi mdundo.

Mafundi wa zamani wa Ulaya walilijua hili mikononi. Walipiga alama kwa nyundo kwenye bamba la metali, kinyumenyume kama kwenye kioo, wakipima nafasi kwa bikari na kwa macho. Kuiva katika kazi hiyo kuliweza kuchukua miaka kumi. Mwaka 1996 Waholanzi wawili, Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen, walianzisha programu ya LilyPond kwa kutoridhika na sura ya nota za kompyuta. Maelezo ya programu hiyo yanalinganisha kurasa mbili za muziki wa selo wa Bach: moja ya 1950 iliyochongwa kwa mkono, nyingine ya kompyuta ya 2000. Kwenye ile ya pili kila kitu kimenyooka mno. Mistari ya vipimo imeangukiana kutoka juu hadi chini, na mpigaji akiinua macho kidogo tu hajui tena alikuwa mstari upi.

Sasa weka maneno ya Kiswahili chini ya nota hizo. "Tunakushukuru" ina silabi sita, na kila moja inataka nota yake na hewa yake. "Mtu" ni m-tu, nota mbili, lakini "mbingu" ni mbi-ngu, sio mbin-gu. Programu haikugawii, wewe ndiye unabonyeza kistari, silabi kwa silabi. Ukishamaliza, maneno yanasukuma nota kulia, vipimo vinafura, na hapo ndipo mkono unakwenda kwenye kile kitufe cha kupunguza. Kinachoumia kwanza ni maneno. Silabi zinagusana, vistari vinapotea, na soprano anaimba neno ambalo halipo kwenye lugha yoyote.

Pesa iliyookolewa haikupotea hewani. Imelipwa na mzee wa besi aliyesahau miwani, na wale alto watatu wa nyuma wanaochungulia karatasi moja. Imelipwa kwa dakika ishirini za mazoezi, mwalimu akirudia "hapana, si hapo." Shida ni kwamba gharama hiyo haiandikwi kwenye risiti, na anayeilipa hakuulizwa.

Najua utaniambia kwaya haina pesa, na ni kweli. Ufukara wa kwaya zetu sio mzaha. Lakini kuna vya kukata kabla ya kukata macho ya watu: piga fotokopi pande mbili, punguza pambizo, ubeti wa tatu na wa nne uandikwe chini kama shairi badala ya kurundikwa chini ya stafu. Ukikosa kabisa, basi bana, lakini waonyeshe waimbaji kabla hujapeleka saiba.

Na mpiga kinanda usimsahau, ana mikono miwili tu. Mwisho wa ukurasa unapaswa kuangukia kwenye kimya, apate kugeuza. Kama hakuna kimya, rudi nyuma ukitafute, chagua kipimo hicho, kata ukurasa hapohapo, hata kama chini patabaki peupe. Mweka hazina atauliza hilo pengo ni la nini.